Mwaka Nilioshika Upondo

Mwezi uliopita nilikwenda Jambiani kwenye maziko ya Makame. Wanawake hatufiki kaburini. Tulikaa chumba cha ndani, juu ya mikeka iliyotandikwa kwa ajili ya msiba, na kwa kuwa dirisha la chumba kile halikuwa na kioo, ila wavu wa mbu tu, kila kilichosemwa uani tulikisikia. Jeneza lilipokuwa tayari kunyanyuliwa, sheikh aliwauliza wanaume, kama ilivyo ada, wanamshuhudiaje marehemu. Wakajibu kwa pamoja kwamba alikuwa mtu mwema. Akauliza tena, wakajibu vilevile, na wanawake waliokaa pamoja nami wakaitikia kwa sauti ya chini huku wakifuta macho kwa ncha za kanga. Mimi sikuitikia. Sikuwa na shaka hata chembe juu ya wema wake. Nilinyamaza kwa sababu mwaka mmoja wa ujana wangu niliulizwa swali hilo hilo juu ya mtu huyo huyo, akiwa hai, akiwa na haja kubwa ya jibu langu, na sikujibu kama walivyojibu wao. Katika chumba kile hapakuwa na mjane wa kukalishwa eda. Aliyepokea mikono ya pole alikuwa dada yake, na pembeni mwa dada walikaa watoto wa dada. Makame hakuoa.

Wanaonijua sasa wananijua kwa ukali. Kazini ninawafundisha wasichana usafi wa mahoteli, na alasiri, katika darsa la wanawake la mtaani kwetu, ninasoma nao vitabu vya adabu na kuwaeleza hatari za ulimi: kusengenya, kuzua, kushuhudia uongo. Somo hilo ninalieleza vizuri. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na nimeamini. Lakini vitabu hivyo vinamkemea zaidi yule anayesema sana na yule anayesema uongo. Mimi nilisema machache, na kila neno nililolisema ningeweza kulitetea mbele ya kadhi. Nimetafuta mlango unaonihusu katika vitabu vyangu na kila ninaoukuta ni mwembamba kuliko kosa lenyewe, ndiyo maana nimeona niandike.

Mwaka huo nilikuwa mfanyakazi wa vyumba katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, nyumba ya kale ya mawe, yenye ghorofa tatu. Upande mmoja ilitazama bahari na upande wa pili ilitazama kichochoro chembamba kiasi kwamba mtu wa ghorofa ya pili angeweza kumpa chumvi jirani wa upande wa pili bila ya kunyoosha mkono sana. Wenye hoteli walikuwa wametia vioo katika kila dirisha, nyuma ya mbao za asili, ili baridi ya mashine isitoke nje. Vioo hivyo vilikuwa adhabu yetu. Upepo ulileta chumvi, na chumvi ilikaa juu yake kama ukungu mweupe. Na tulipoviosha kwa maji ya kisima, maji yalipokauka yaliacha madoa ya chokaa. Kwa hiyo dirisha halikuweza kuoshwa na mtu mmoja. Makame alipanda ngazi upande wa nje, na ndoo yake ameitundika kwenye kipandio, akasugua kwa tambara, akavuta maji kwa kipande cha mpira kilichofungwa kwenye mti, akamalizia kwa gazeti kuukuu. Mimi nilisimama ndani, mbele ya kioo hicho hicho, nikifanya hayo hayo kwa wakati huo huo. Doa likibaki ilikuwa lazima ijulikane ni la nani. Aligonga kioo kwa ukucha na kuninyooshea kidole: lako. Nikifuta na lisiondoke, nilimrudishia kidole. Alikuwa na tabia ya kukunja uso kama mtu aliyesingiziwa, kisha analifuta na kujipiga kifuani kukiri. Nilijizuia kucheka, kwa kuwa nilijiona mtu wa heshima zangu, na sikuwa mwepesi wa kuzoeana na wanaume. Miezi ikapita hivyo. Uso wake niliujua kuliko sauti yake.

Sauti yake niliisikia tu kabla ya kupanda. Kule kwetu mwanamme hawezi kuinuka tu hadi kwenye madirisha ya watu. Makame alisimama katikati ya kichochoro, ngazi bado iko chini, akaita hodi kwa sauti ndefu na kuwataka wenye madirisha wajisitiri, kisha akangoja. Mbao za madirisha zilifungwa moja baada ya moja, nyumba hadi nyumba. Aliyechelewa siku zote alikuwa Bi Nasra, jirani wa mkabala, ambaye jiko lake lilikuwa dirishani hasa. Alimjibu kutoka juu kwamba anakaanga, angoje kwanza aepue karai. Makame alingoja. Hata meneja alipotokea mlangoni na kutazama saa yake, alingoja. Na akishapanda, macho yake hayakutoka kwenye kioo. Siku moja tambara lilimponyoka likaangukia kwenye kizingiti cha dirisha la Bi Nasra, mahali ambapo angeweza kulichukua kwa kujipinda kidogo. Niliona kwa macho yangu alivyoshuka ngazi yote, akazunguka hadi mlango wa nyumba ile, akapiga hodi, akangoja mtoto amteremshie tambara lake, ndipo akapanda tena. Mimi muda wote huo nilikuwa nimesimama ndani, povu likinikaukia kwenye kioo, nimekasirika kwa kucheleweshwa. Kisa hicho nilikuwa nacho. Hakuna mwingine aliyekuwa nacho isipokuwa mimi.

Chakula cha mchana tulikila katika chumba kidogo kilichokuwa na unyevu wa chokaa, ukutani pametundikwa sare za wahudumu, katikati meza ndefu iliyofunikwa kwa plastiki yenye picha za matunda. Wali, mchuzi wa samaki, mchicha, na bakuli la achari ya mbilimbi ambalo Mwajuma wa dobi alilimiliki kana kwamba ni urithi wake. Mwajuma ndiye aliyekuwa na ulimi pale. Ni yeye aliyetangaza, mbele ya watu wote, kwamba Makame ana mchumba Kiwengwa na kwamba wazee wake wanajitayarisha kupeleka posa. Makame akainamia sahani yake. Mwajuma akamuuliza kama binti anajua anaolewa na mtu anayeishi juu ya ngazi, au harusi nayo itafanywa huko huko juu, bibi harusi apandishwe kwa kamba. Meza nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, kidogo, kisha nikahisi wali umekuwa mkavu mdomoni. Sitaki kuliongezea jambo hilo thamani kuliko lilivyostahili. Hakunipa ahadi yoyote, wala mimi sikuwahi kuitarajia kwa maneno. Lakini siku iliyofuata, mbele ya kioo, aliponionyesha doa lililokuwa langu, nililiacha.

Muda si mrefu baada ya hapo, katika hoteli nyingine ya mjini, mtu aliyekuwa akiosha madirisha alianguka akavunjika nyonga. Mwenye hoteli yetu alipata habari, akaamuru pasipandwe ngazi tena. Meneja wetu, Bwana Lameki, mtu aliyezaliwa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, kwa wazee waliotoka bara, aliagiza chombo kipya Dar es Salaam, na asubuhi moja fundi alikuja nacho. Kilikuwa mti mwepesi mweusi, mapande kwa mapande yanayochomoka moja ndani ya jingine, mpaka ukafika ghorofa ya tatu hali aliyeushika amesimama chini. Kichwani mwake palikuwa na brashi pana, na ndani yake ulipita mpira mwembamba uliorusha maji kwenye kioo. Maji yenyewe yalitoka kwenye pipa lililojaa chengachenga za rangi ya asali; fundi alieleza kwamba chengachenga hizo huyanyang'anya maji chumvi yote na chokaa yote, yakabaki maji matupu. Dereva wa hoteli aliyaonja akatema, akasema haya ni maji ya betri. Mwajuma akatuonya kwamba atakayeyanywa, asubuhi ataamshwa kwa ufunguo. Watu wakauita mti ule upondo, kama mti wa kusukumia ngalawa, kwa kuwa hatukuwa na jina jingine la mti mrefu kiasi kile, na jina likabaki.

Amri ya fundi ilikuwa moja, nayo ilitushinda kuiamini. Sugua, suuza, kisha ondoka, usifute. Tulikusanyika kichochoroni, watu tuliokuwa tumezoea kufuta kioo mpaka kilie, tukatazama matone yakishuka na kukauka yenyewe kwa jua. Hapakubaki doa. Makame aliushika upondo ule baada ya fundi na kabla ya adhuhuri alikuwa ameujua. Alifurahi waziwazi. Alisema miaka yote ameshikilia ngazi kwa mkono mmoja na kufanya kazi kwa mkono wa pili, leo amepewa mikono yote miwili. Kilichobaki ni shingo tu, nayo akiirefusha kidogo atafanana na twiga. Kila mtu alidhani, na mimi nilidhani, kwamba ngazi imekwenda na upondo ni wake.

Nilichokitaka mimi nilikijua wakati ule ule niliposimama pale. Nilikuwa nimechoka na vitanda vya wageni, na vyoo vyao, na nywele zao kwenye masinki. Kazi zote za nje zilikuwa za wanaume kwa sababu zote zilianza kwa kupanda, na mwanamke hapandi ngazi kichochoroni. Sasa ilikuwapo kazi ya nje ambayo mtu anaifanya miguu yake miwili ikiwa ardhini, amevaa baibui lake, na hakuna wa kumwambia neno. Si dhambi kutaka hilo. Mpaka leo ninawaambia wanafunzi wangu kwamba si dhambi. Mkutano ulifanywa kwenye meza ile ile ya chakula. Bwana Lameki alisema upande wa nje sasa unamtosha mtu mmoja, na wa ndani wataosha wenyewe kwa nafasi yao, akamgeukia Makame. Ndipo nilipoomba ruhusa ya kusema.

"Bwana Meneja," nilisema, "kwenye ngazi mtu alitazama kioo. Kwa huu upondo atakuwa chini, anatazama juu kwenye madirisha ya watu asubuhi nzima. Akishika mwanamke, hakuna jirani atakayelazimika kujifungia."

Sikumtaja Makame. Nilisema jambo la jumla, lenye hoja, na lililokuwa kweli: Bi Nasra na wenzake walikuwa wameshalalamika kwa meneja kwamba wamechoka kukaa gizani na jotoni kwa ajili ya vioo vya hoteli. Bwana Lameki alitabasamu kama mtu aliyeondolewa mzigo. Alisema hilo hakulifikiria, na kwamba ndiyo faida ya kuwa na mtu aliyesoma. Makame alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama pasipo kioo baina yetu kwa muda mrefu kiasi kile. Kisha akasema, kwa utulivu, kwamba mimi nimesema haki, na akaendelea kula. Wiki ile ile alihamishiwa kwa Mwajuma, kubeba mashuka. Na kabla ya kwenda, bila ya kuombwa, alinichukua kichochoroni akanionyesha namna ya kuuegemeza upondo begani upepo unapovuma, na namna ya kuuteremsha bila ya kugonga mbao za watu.

Ulikuwa msimu mzuri kwangu. Sitasema uongo juu ya hilo. Wageni walinipiga picha. Wanawake wa kichochoro walifungua madirisha yao wakati nikifanya kazi na kuniombea dua kwa kuwaondolea adha, na Bi Nasra alikuwa akinishushia kikapu chenye sambusa mbili tatu za moto. Mwajuma aliniita Bi Upondo, na jina hilo, ingawa lilikuwa la kejeli, nililipenda. Hodi sikuiita, ya nini tena? Kwa hiyo watu wa juu hawakujua mara zote kama niko chini yao. Asubuhi moja nilikuwa nasugua kioo cha ghorofa ya pili nikasikia jirani mmoja akimuuliza Bi Nasra, dirisha kwa dirisha, kwa nini yule kijana wa ngazi ameondolewa. Kabla Bi Nasra hajajibu, mwenzake alijijibu mwenyewe: kama si macho yake, kwa nini wamweke mwanamke? Bi Nasra akasema yeye hajapata kumwona na lolote, lakini hoteli ndiyo inayojua zaidi. Nilikuwa chini yao, uso wangu umeelekea juu, na ilinitosha kusema sentensi moja: wazo lilikuwa langu, na kijana yule hana kosa. Niliongeza maji. Yalipiga kioo kwa kishindo, na maneno yao yaliyobaki sikuyasikia.

Maneno ya aina hiyo hayasimami katika kichochoro kimoja. Yalishuka hadi Forodhani kwa wauza pweza, yakaingia jikoni kwetu, na siku moja dereva, kwa mzaha, alimtaka Makame afumbe macho wakati akipita karibu na kamba ya kuanikia nguo za wanawake. Makame alicheka. Mwajuma, ambaye sijapata kumwona akinyamaza, alinyamaza, akamtazama dereva mpaka akatoka. Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nasoma, siku zote nilikuwa na kitabu mezani. Nikageuza ukurasa.

Kisha kusi likaanza kuvuma, na madirisha ya upande wa bahari yakanishinda. Upondo uliofika ghorofa ya tatu ulipigwa na upepo kama bendera, na mara mbili brashi ilipasua taa ya ukutani. Bwana Lameki aliniita ofisini akasema, kwa upole, kwamba anafikiria kumrudisha Makame, pengine upande wa bahari tu, pengine pande zote, maana upondo ni mmoja na mwenye kuujua awe mmoja. Alisema kinachomtia shaka ni hayo maneno ya majirani. Akaniuliza kama nadhani yataisha. Nilimjibu kwamba hilo mimi sina elimu nalo. Nilirudi chumbani kwangu Mkunazini nikiwa na hofu ya kurudi kwenye vitanda.

Katika siku hizo hizo alikuja Bi Mwanakombo. Alikuwa shangazi wa yule binti wa Kiwengwa, mwanamke mkavu, mikono yake imechanika kwa chumvi ya mwani anaoulima, baibui lake linanukia karafuu za sandukuni alikolitunza kwa safari. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akakaa kwenye kiti changu cha pekee, nami nikakaa kitandani. Nilimtilia chai ya tangawizi na kumwekea vitumbua nilivyovinunua asubuhi. Akala kimoja kwa adabu ya mgeni, akasifu mchele wake, akanieleza hali ya barabara na bei mbaya ya mwani. Nilijua alichokifuata. Kwetu posa ikishapokewa, watu wa mke hutuma mtu akamuulizie mposaji, na anayeulizwa anajua namna ya kujibu. Akitaka ndoa iwe, humwaga sifa bila ya kujizuia, hutoa visa, huapa, huongeza. Asipotaka, hamtukani mtu. Husema tu kwamba hajamwona na baya. Anayeuliza huelewa, hushukuru, na hurudi kwao. Hakuna mtoto wa Unguja asiyelijua hilo.

"Mwanangu," Bi Mwanakombo alisema, "sikuja kunywa chai, nimekuja kuuliza. Makame kaleta posa kwetu. Binti kampenda, na sisi tulishampenda, lakini yanatufikia maneno. Nimeambiwa we ndo uliyefanya naye kazi, na we mtu wa dini, huongopi. Tabia yake ikoje?"

Kisa cha tambara kilikuwa mdomoni. Ninasema hivyo bila ya kutia chumvi: nilikuwa nimekwisha kuliona lile tambara jeupe juu ya kizingiti, na Makame akishuka. Ningekisimulia kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja. Lakini niliona pia kwamba mwanamke huyu akitoka hapa na kisa hicho, kitafika kila mahali yalipofika yale maneno mengine, na kitakapomfikia Bwana Lameki, upondo utaondoka mikononi mwangu. Na pembeni mwa mawazo hayo palikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo sikulitazama: aliposema binti kampenda, nilikuwa nimeshughulika ghafla na kifuniko cha birika.

"Kwa macho yangu, Bi Mwanakombo," nilijibu, "mimi sijamwona na baya."

Alikuwa amenyanyua kikombe na hakukifikisha mdomoni. "Kwa macho yako," alisema.

"Naam."

"Na hilo la madirisha?"

"Aliyemhamisha ni meneja. Sababu zake anazijua mwenyewe."

Aliweka kikombe chini polepole, katikati kabisa ya kisahani chake. Nilisubiri aulize tena. Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba angeuliza mara moja zaidi ningesema yote, na sijui kama ni kweli. Hakuuliza. Alijifunga mtandio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili iliyochanika, akaniambia nimesema kwa stara, Mwenyezi Mungu anilipe kwa kuwasitiri wote, wao na yeye. Nilimsindikiza hadi barabarani. Vitumbua vilivyobaki nilivila mimi usiku ule, vyote, bila ya njaa.

Posa ilirudishwa kwa maneno mazuri, kama kawaida. Walisema binti bado anataka kusoma. Hotelini habari zilifika kabla yake. Mwajuma hakuweka achari mezani siku hiyo na hakuna aliyemuuliza iko wapi. Makame alifanya kazi mpaka mwisho wa wiki, akamwambia Bwana Lameki kwamba anarudi kwao Jambiani, na meneja, aliyekuwa amebakiza siku mbili tu amrudishie upondo, akamkubalia kwa masikitiko ya dhati. Kwa hiyo nilibaki nao. Baadaye nilisikia kwamba huko kwao amekuwa mkwezi, anawaangulia watu nazi na madafu, na kwamba kabla ya kukwea mnazi ulio karibu na nyumba anawaita kwanza wenye nyumba.

Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Nilikuwa upande wa bahari, kusi limetulia kidogo, naosha vioo vya mkahawa. Alisimama mbali kama alivyosimama siku zote, akatazama juu kwenye kioo, si kwangu. Aliniambia nimejifunza vizuri, ila bado naushika upondo chini mno; nikiupandisha mkono mgongo hautaniuma. Nikaupandisha mkono. Kisha akasema alilokuja kulisema.

"Nimeambiwa shangazi yake alikuja kwako. Nilifurahi nilipopata habari, nikasema afadhali kaulizwa Rukia. Wengine sijui walikwenda kusema nini huko. Lakini we najua ulinisemea. Nashukuru, dada."

Maji yalikuwa yakimwagika na sikuyafunga. Nilikuwa mtu mwenye maneno. Nilikuwa na maneno ya Kiarabu na maneno ya vitabuni, na maneno mengine mengi niliyokuwa nayo kwa ajili ya makosa ya watu. Nilimwambia Mwenyezi Mungu amjaalie kheri. Akaitikia amina kwa moyo wote. Alikuwa ameshageuka aliposimama tena.

"Nikipeleka posa mahali pengine," alisema, "ntawaambia waje kwako."

"Waje," nilimjibu.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Kiwengwa kuwafundisha wafanyakazi wa hoteli kubwa ya ufukweni kutumia upondo. Nilimkuta Bi Mwanakombo njiani anaanika mwani wake. Alinikumbatia na kunieleza kwamba binti ameshaolewa, na mtu wa huko huko, anakaa salama. Akanishukuru kwa mara ya pili. Kumwambia kweli wakati ule kungekuwa kuingia katika nyumba ya watu na kuivuruga, ndivyo nilivyojieleza, na hoja hiyo nayo ninaweza kuitetea. Lakini jibu jingine nilikuwa nimeshalitunga, jibu kamili la watu watakaokuja baadaye kutoka nyumba nyingine. Lilianza na hodi yake, likafika kwenye karai la Bi Nasra, likasimulia tambara tangu lilipoanguka hadi mtoto alipolirudisha, na likamalizika kwa kiapo. Nililirudia nikiosha madirisha, mwaka huo na miaka iliyofuata, nikiliongezea sifa hapa na pale, mpaka nikalijua kama ninavyozijua sura ninazozisalia. Kila mwanamke mgeni aliyenitafuta kazini au nyumbani, nilimkaribisha na kumtilia chai kabla ya kumuuliza haja yake. Walikuja kwa mambo mengi. Hakuja mtu kuniuliza habari za Makame.